Kumbukumbu ya Ulimboka, Aliyeitika Mara ya Kwanza

Mwaka umekatika sasa, Baba Tusa, tangu jioni ile ya theluji ulipoitika ukatoka kwa mlango wa nyuma. Mwaka mzima! Na mimi mkeo mpaka leo siwezi kupita jikoni bila kuujaribu ule mlango kama umefungwa. Naujaribu, naondoka, narudi naujaribu tena.

Mhariri wa jarida la jumuiya yetu aliniambia niandike machache tu: picha, tarehe na majina ya familia. Nikamwambia, mwanangu, huyu mume wangu kumsalimia mtu mmoja tu alitumia nusu saa, leo nimkumbuke kwa mistari mitatu? Akacheka. Akasema andika tu Mama Tusa, tutaliondoa tangazo la nyama choma. Basi umekula nafasi ya nyama choma, ungefurahi kweli.

Wengine watakaosoma hapa hawakukufahamu, kwa hiyo nitasema mambo ambayo wewe unayajua. Vumilia. Kwenye karatasi zako uliandikwa Philemon. Kazini Wazungu walikuita Phil. Kanisani, sokoni na mtaani kwetu Walthamstow, hapa London, ulikuwa Baba Tusa, kwa jina la binti yetu Tusajigwe. Jina lako la nyumbani, Ulimboka, alikupa mama yako kule Tukuyu, na tangu uje huku ni yeye tu aliyekuwa akikuita hivyo, kwenye simu za Jumapili. Alipofariki, ulikuwa bado hujapata karatasi za kukuruhusu kutoka na kurudi, ukashindwa kwenda kumzika. Uliwasha mshumaa sebuleni ukakaa nao mpaka ukaisha. Tangu siku hiyo jina lile halikutamkwa tena ndani ya nyumba hii. Hukutaka, na mimi nikaliheshimu.

Ulikuwa fundi wa boila, zile mashine za kupasha nyumba joto, na nyumba yetu ilijua hivyo. "Funga mlango, joto linatoka!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yako. Mgeni hajaweka hata mguu wa pili ndani, tayari umeshampigia kelele. Padri alipokuja kutubarikia nyumba akasimama kizingitini akitafuta ukurasa, ukamwambia, "Baba, baraka utazisomea ndani, joto linatoka." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Padri mwenyewe alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Na majigambo yako! "Ninyi Wahaya mmezaliwa kando ya Ziwa, mmezoea kujianika juani. Mtu wa Tukuyu amezaliwa kwenye ukungu, baridi ya London ni ya kuchezea watoto." Sawa. Lakini soksi ulivaa mbilimbili kuanzia Oktoba, nani asiyejua? Mimi ndiye niliyezifua.

Baridi ikizidi ulikuwa ukitoka kazini unapitia kwa wazee kwanza, kabla ya kuja kwako. Hukusubiri kuitwa. Ulipiga hodi, ukaishika redieta ya ukutani kwa kiganja kuona kama ina joto, ukasikiliza boila inavyonguruma, ukaondoka. Ulilipwa kwa chapati na kwa hadithi ndefu za watu ambao watoto wao hawapigi simu. Chakula changu kilipoa kila siku kwa ajili yao, na nilikusema, na hukuacha, na leo nashukuru hukuacha.

Sasa nifike kwenye sheria yako.

Giza likishaingia, wewe hukuitika mpaka uitwe mara tatu. Nani hajui hilo? Uliliapia. "Mtu huita mara tatu," ulikuwa ukisema. "Kile kingine kinaita mara moja, mara mbili, kinanyamaza kisikilize kama umeitika. Ukiitika, umekwenda nacho." Hata kwetu Bukoba hayo tunayasikia, lakini hatujayafanya kuwa sheria ya nyumba. Na nchi yenyewe hii! Desemba giza linaingia mtoto hajarudi shule. Tusa akiwa mdogo alikuwa anasimama chini ya ngazi: "Dad!" Kimya. "Dad!" Kimya. Akivuta pumzi kwa hasira, "DAD!" ndipo utasikia, "Naam, mwanangu mpenzi, unasemaje?" Mtoto wa watu anaomba juisi tu. Alipokuwa mkubwa akawa anakuigiza mbele ya marafiki zake, wanacheka, na wewe unacheka nao, lakini huitiki.

Aliyekuelewa ni mmoja tu, Bibi Sushila, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Wengine mkimwona na sari yake na sweta lake la mikono mirefu mtadhani Kiswahili hajui. Amezaliwa Tanga yule, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko chetu sote. Ninyi wawili mlikuwa mnasimama kwenye uzio wa uani, yeye na kikombe chake, wewe na bisibisi yako, mnazungumza habari za mashetani ya utotoni kama watu wengine wanavyozungumza mpira. Mimi nikawa nawaambia mtapatwa na baridi hapo nje.

Desemba ya mwaka jana ndipo ikaja ile baridi.

Wiki ile London ilifungwa. Ndege zililala uwanjani, mabasi yaliachwa njiani, duka la kona likaishiwa mkate. Na boila zikaanza kufa. Wewe ulituelezea: kuna paipu nyembamba inayotoa maji ya boila nje ya ukuta, ikiganda, boila inazima yenyewe, na nyumba inaanza kupoa. Dawa yake ni maji ya moto kidogo, unamwagia ile paipu polepole mpaka iachie. Ukawa unazunguka na birika nyumba hadi nyumba. Kwa Bibi Sushila ulikwenda wiki nzima, asubuhi na jioni, na yeye akawa anasimama dirishani anakutazama unavyofanya.

Ulitufundisha na jambo jingine, nataka wasomaji walishike. Ulisema theluji haina makelele. Inamkuta mtu ameanguka, inamfunika taratibu, wala haimuumizi. Mzee akitetemeka, ulisema, msifadhaike, mwili wake unapigana. Akiacha kutetemeka na bado hajapata joto, hapo pigeni simu, msingoje.

Jumamosi ile, Krismasi ikiwa imebaki wiki moja, ulirudi mchana ndevu zina barafu. Upepo ulikuwa umegeuka. Theluji haikuwa inaanguka tena, ilikuwa inapita dirishani kwa ubavu, na uzio wetu haukuonekana. Bati la mtu lilikuwa linagonga mahali fulani, linagonga, linagonga. Giza likaingia. Halafu upepo ukakatika ghafla, na lile bati likanyamaza.

Sijui niwaelezeje ndugu walioko nyumbani kimya cha theluji. Hakuna gari, hakuna mbwa, hakuna mlango unaofungwa kwa jirani. Unaisikia friji yako. Nakumbuka nilimwomba Tusa kisu kwa kunong'ona, na yeye akanijibu kwa kunong'ona, na hakuna aliyetuambia tunong'one.

Nilikuwa namenya ndizi. Tusa alikuwa kwenye zulia na kompyuta yake. Wewe ulikuwa kwenye kiti chako karibu na redieta, kikombe mkononi, soksi zinakauka. Ukainua kichwa.

Ukaitika.

Uliitika kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwako miaka yote, sauti ya mtoto aliyeitwa aje kula.

"Unamwitikia nani?" nikakuuliza.

"Ameniita."

"Nani? Mbona sisi hatujasikia kitu?"

"Ameniita Ulimboka," ukasema, ukaweka kikombe chini.

Niliacha kumenya, Baba Tusa. Jina lile! Tusa akaniuliza kwa Kiingereza chake kama unatania. Nikasema, "Ngoja basi aite tena. Si ndiyo sheria yako mwenyewe? Ngoja aite ya tatu." Hata hukugeuka. Ulitoka na ndala miguuni, bila koti, na mlango hukuufunga. Wewe! Theluji ikaingia mpaka kwenye miguu ya meza.

Nilipofika mlangoni nilisikia sauti yako ng'ambo ya uzio, hiyo nayo naijua: "Mama Tusa! Mama Tusa! Mama Tusa, njooni!" Uliniita mara tatu, kama mtu.

Bibi Sushila alikuwa amelala chini ya ukuta wa jiko lake, chini ya ile paipu. Birika lilikuwa limepinduka pembeni na maji yake yalikuwa yameshaganda chini yake yakamshika sari. Uso ulianza kufunikwa. Hukutusubiri. Ulimnyanyua peke yako, ukambandua pale chini na sari ikachanika, ukampandisha ngazi zake zile nyembamba za nyuma mpaka ndani. Tulimvua nguo mbichi, tukamfunika kila blanketi lililokuwamo mle ndani, Tusa akapiga simu ya ambulensi. Alikuwa amekwisha kuacha kutetemeka. Tukamzungumzisha, tukamzungumzisha, mpaka midomo ikaanza kucheza tena, akaanza kutetemeka, na wewe ukasema, "Vizuri, tetemeka mama, tetemeka."

Akafungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Sikukuita, Baba Tusa."

Baadaye, akiwa wodini na nyonga yake imefungwa, alinieleza. Boila yake ilizima tena jioni ile, akaona aibu kukusumbua kila siku, akachukua birika mwenyewe kama alivyokuona unafanya. Aliteleza. Alikaa pale chini anaitazama taa ya jiko letu. "Nilikiona kivuli chako, Mama Tusa, unapita na sahani." Nikamuuliza, basi Bibi, kwa nini hukuita? Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mjinga. "Giza lilishaingia, mwanangu. Nitaitaje jina la mtu gizani? Mama yangu angenipiga kofi kutoka kaburini. Na mumeo naye najua haitiki." Lo! Nilishika kichwa. Mmoja haiti, mwingine haitiki, na katikati kuna uzio wa mbao na theluji. Mlikuwa mnakwenda kuuana kwa adabu.

Lakini wewe uliitwa. Na kama si yeye, alikuwa nani?

Narudi jioni ile. Ulisema kwake hakuna maji ya moto, twende kwetu tukajaze chupa tumwekee miguuni. Tukamwacha Tusa naye. Wewe ulitangulia, mimi nyuma na chupa kifuani. Ulipofika mlangoni kwetu hukuingia. Ulisogea pembeni, ukaushika mlango uwe wazi, ukainamisha kichwa, kama unampisha mkubwa. Nikajua unanipisha mimi, nikasogea. Ukanizuia kwa mkono.

"Ngoja," ukasema. "Anaingia."

Nikasimama kwenye theluji, mume wangu, namngoja mtu nisiyemwona aingie nyumbani kwangu.

Halafu ukaingia wewe. Kiti chako hukukikalia. Ulivuta kigoda cha jikoni, ukakaa chini, ukakitazama kile kiti. "Weka na kikombe cha pili," ukaniambia. Nikadhani ni cha Bibi Sushila. Niliufunga mlango mimi, nikawasha birika, nikamimina vikombe viwili, bado nimekupa mgongo. Ukasema, "Hakuvaa viatu."

"Nani?"

"Mama. Theluji yote hii, hakuvaa viatu."

Nikageuka. Mkono wako ulikuwa kifuani, na wewe mwenyewe ulikuwa umeacha kutetemeka.

Nilipiga kelele mpaka Tusa akanisikia kupitia ukutani. Ambulensi iliyokuwa inamjia Bibi Sushila ilikuwa imekwama chini ya mtaa, magurudumu yanazunguka tu. Majirani walitoka na makoleo, wengine na trei za kuokea, wakachimba njia. Wale wahudumu mwishowe waliliacha gari wakaja kwa miguu na mikoba yao. Walikuja kwa ajili ya jirani, wakakukuta wewe sakafuni. Walihangaika na wewe, siwalaumu kwa lolote, na mmoja wao, msichana mdogo kabisa, alilia nami. Chai ya kikombe cha pili ilikuwa mezani bado inafuka, baada ya muda wote ule.

Daktari alisema ni moyo. Alisema baridi kama ile inabana mishipa, na mtu akitoka kwenye joto ghafla bila koti akabeba mzigo mzito, moyo unashindwa, hata kwa mwanaume mwenye nguvu. Wanaosafisha theluji milangoni huanguka hivyo kila mwaka. Tusa akasema kumbe ni baridi iliyokuchanganya akili, ukaona visivyokuwapo. Nikamwambia, mwanangu, alipoitika alikuwa karibu na redieta. 

Ndege ziliporuhusiwa tulikupeleka nyumbani. Umelala Tukuyu sasa, karibu na mama yako, kwenye ukungu wako uliokuwa unajigambia. Pale msibani dada yako Tumpe alinivuta pembeni akaniambia wazi, maana hana maneno ya kuzunguka yule: "Wifi, kaka aliitika. Alijua haifai, akaitika. Mama amemfuata."

Maneno hayo nimeyabeba mwaka mzima. Na niseme kweli mbele ya wote watakaosoma: nilimkasirikia mama mkwe wangu. Nilimkasirikia sana. Kama alikuja kumwokoa Bibi Sushila, ahsante yake, lakini si angemwacha mwanawe arudi salama? Na kama alikuja kukuchukua wewe, basi bibi wa watu amelala kwenye barafu ili awe chambo. Nimelala na hasira hiyo, nimeamka nayo, nimekwenda nayo kwenye misa. Padri aliniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia nitamwachia, ila kwanza nijue.

Bibi Sushila alipona, unajua. Anatembea na fimbo. Alipotoka wodini nilikwenda sokoni nikamnunulia filimbi, ile ya marefa, nikamvisha shingoni kwa kamba nyekundu. Nikamwambia, "Bibi, ukianguka, ukipatwa na lolote, puliza. Filimbi haiiti jina la mtu." Alifikiri kidogo, akakubali kwamba haikatazwi. Na ninyi mnaosoma, kama mna mzee jirani, mnunulieni. Mpigieni simu kila jioni ya baridi. Msingoje awaite, wengine hawataita.

Sasa nikuambie la mwezi huu, maana linakuhusu wewe.

Jioni moja tulikuwa na upepo mkali tena na mvua iliyochanganyika na barafu. Redio ilikuwa imewaambia watu wasitoke. Tusa alikuwa chumbani juu. Mimi nilikuwa jikoni, nimesimama karibu na kiti chako, ambacho bado hatukikalii. Kisha upepo ukakatika. Kile kimya kikaja, nikakitambua kabla hakijakaa vizuri.

"Mama Tusa!"

Kutoka uani. Sauti yako, Baba Tusa, si ya mtu mwingine. Sauti ile ya ukiwa umepanda ngazi na bisibisi imekudondoka, unataka nije nikuokotee.

Nilikuwa nimeshashika ufunguo. Mkono ulikwenda wenyewe, sikuutuma. Mdomo umefunguka, neno liko hapa kwenye ulimi. Nikakumbuka: Bibi Sushila! Huenda ni yeye yuko chini tena, na mimi nimesimama hapa na mambo ya mizimu. Nikachukua simu kwa mkono wa pili nikampigia. Akapokea.

"Bibi, uko wapi?"

"Kitandani, na blanketi mbili. Filimbi iko shingoni, sijaigusa. Kwani vipi?"

"Mama Tusa!"

Mara ya pili, na sasa karibu zaidi, upande wa pili wa mlango huu huu. Ufunguo ulikuwa baridi sana kiganjani. Niseme ukweli, sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha leo. Nilitaka. Niliona nikifungua tu nitakukuta na ndala zako na theluji mabegani, nikuseme, uingie, yaishe. Ningeitika hata kama si wewe.

"Mama."

Hiyo ilitoka nyuma yangu. Tusa alikuwa amesimama kwenye ngazi, miguu mitupu, ameshika ukuta. Yule aliyekuwa akikuigiza mbele ya marafiki zake. Na alisema kwa Kiswahili, ambacho nikimsemesha siku zote ananijibu kwa Kiingereza:

"Usiitike, Mama. Ni mara mbili tu."

Kumbe alisikia. Alisikia zote mbili.

Akaja akanishika kiuno, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu pale kwenye ufunguo. Hatukuufungua wala hatukuuachia. Tukangoja ya tatu. Bibi Sushila naye alikuwa bado kwenye simu, tulimsikia anavyopumua. Tukangoja mpaka upepo ukarudi na lile bati la mtu likaanza kugonga tena.

Hukuita.

Nimelifikiria hilo kila siku, na ndilo linalonifanya niandike. Unanijua, Baba Tusa. Unajua ya tatu ningeitika, hata Tusa angening'ang'ania vipi. Kwa sheria yako kinachoita mara mbili si mtu, najua, lakini kitu kibaya kingeendelea kuita kwa hila mpaka nitoke. Wewe uliita ukanyamaza, kwa sababu unajua nina mtoto, na mtoto huyu amebaki na mimi tu. Ulikuja kutusalimia, basi. Hapo ndipo nikamwelewa mama yako. Labda naye alikuja kusalimia tu, kumwona mwanawe ambaye hakupata kwenda kumzika, na kukuonyesha jirani aliyelala kwenye barafu. Labda naye angeita mara mbili akanyamaza akaenda zake. Lakini wewe hukumpa nafasi. Ulikuwa umekaa miaka yote hiyo unangoja aite, ukaitika mara ya kwanza. Mama mkwe wangu, popote ulipo, nakuomba radhi kwa maneno yangu. Na wewe Tumpe, wifi yangu, mama hakumfuata mtu. Kaka yako ndiye aliyekimbia kumpokea.

Ila nakuomba kitu kimoja, mume wangu, nakiomba kwa upendo na kwa ukali wangu wote unaoujua. Usiite ya tatu. Siku yangu ikifika nitakuja bila kuitwa.

Jumapili hii baada ya misa ya kumbukumbu tutarudi nyumbani, mimi na Tusa, na Bibi Sushila na fimbo yake. Giza litakuwa limeingia. Tutaufungua mlango wa nyuma na tutakuita sisi, kwa jina alilokupa mama yako, mara tatu, ili ujue wanaokuita ni watu. Bibi Sushila amesema yeye hataita jina gizani hata kwa ajili yako, atapuliza filimbi. Tusa ameniuliza, na Baba akiitika je? Nimemwambia akiitika tutashukuru, tutamwambia tunampenda, halafu tutaufunga mlango, maana joto linatoka.

Unakumbukwa na mkeo Generosa, Mama Tusa. Na binti yako Tusajigwe, ambaye siku hizi haitiki mpaka uite mara tatu. Na dada yako Tumpe na ukoo wote wa Mwaikenda, Tukuyu. Na shemeji zako wote wa Bukoba. Na Bibi Sushila, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, anayepumua leo kwa sababu ulitoka bila koti.

Philemon Ulimboka Mwaikenda, maisha yetu yote hutatutoka moyoni. Lala, Baba Tusa. Mlango tumeufunga.